Vipande vya Chupa Juu ya Ukuta

Januari 7, 2025 moto ulizuka kwenye korongo la Eaton, juu kidogo ya mji wa Altadena huko California. Upepo wa siku ile ulikuwa wa kung'oa mabati. Mpaka unadhibitiwa mwishoni mwa mwezi, ulikuwa umekwisha kula majengo zaidi ya 9,000 na roho za watu 19. Siku hiyohiyo moto mwingine ulikuwa unateketeza Pacific Palisades, upande wa baharini wa Los Angeles, kwa wenye nazo. Moshi haujapungua, watu mitandaoni wakaanza kupitishiana ukurasa wa riwaya ya mwaka 1993. Riwaya yenyewe imeandikwa kama shajara ya binti, na kwenye ukurasa huo tarehe ni Februari 1, 2025. Binti anaanza kwa kusema kwamba leo kumetokea moto.

Mwandishi ni Octavia Butler. Alizaliwa mwaka 1947 Pasadena, mji unaopakana na Altadena, akafariki 2006, na kaburi lake liko hapohapo Altadena. Kitabu kinaitwa Parable of the Sower, yaani ule mfano wa mpanzi tuliousoma kwenye Injili. Utaelewa basi kwa nini watu walishika vichwa. Mwanamke aliyelala katika udongo wa Altadena aliandika, zaidi ya miaka 30 nyuma, kwamba upande ule kutawaka, na tarehe akaikosea kwa wiki tatu na ushee tu. Nabii huyo, wakasema, na wengine wakaanza kupekua kurasa za mbele kutafuta mwaka ujao utakuwaje.

Ninayo nakala ya kitabu hicho, imechoka, jalada limeshikwa na selotepu. Nikafungua palepale penye tarehe. Moto wa Februari 1, 2025 umewashwa na mtoto wa miaka 3 aitwaye Amy Dunn, aliyekuwa akichezea moto kwenye gereji ya kwao. Majirani wanakuja mbio, wanauzima wenyewe, kila mtu anarudi kwake. Hakuna upepo, hakuna korongo, hakuna mji ulioisha. Ni gereji.

Ila ukisogea mistari michache mbele, unakuta jambo ambalo wapitishaji wa ukurasa ule hawakulizungumza sana. Kwa nini majirani walihangaika na moto wenyewe? Kwa sababu zimamoto wa huko wanatoza ada, na hakuna mwenye akili timamu atakayejitwisha deni la zimamoto kwa ajili ya gereji isiyo na mtu ndani. Binti anaandika hivyo kwa kupita tu, kama mtu anayekwambia nauli imepanda. Hapo ndipo mwili wangu uliposisimka. Moto huwaka popote na mwaka wowote. Ada ya zimamoto inataka watu waliokaa, wakapanga bei, na wengine wakaizoea.

Kumwita Butler nabii ni kumvisha kanzu ambayo hakuiomba, na papo hapo kumvua ile iliyo yake. Nabii hufunuliwa akiwa amelala. Butler alikaa na kuhesabu. Kwenye makala aliyoiandikia jarida la Essence mwaka 2000, anasimulia mwanafunzi aliyemuuliza kama kweli anaamini dunia itafikia hali ile. Akamjibu kwamba yale matatizo hakuyabuni yeye. Alichofanya ni kuangalia yale tunayoyapuuza leo na kuyaachia miaka 30 hivi yakue. Mwanachama yeyote wa kikoba anaijua hesabu hiyo: deni usilolishughulikia halikai kimya, linazaa.

Na mtaji wa hesabu alikuwa nao mkononi. California ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye ukame wa 1987 hadi 1992. Aprili 1992 Los Angeles iliwaka baada ya mahakama kushindwa kuwatia hatiani polisi waliorekodiwa wakimpiga dereva mweusi, Rodney King. Waliokufa katika siku chache zile walizidi 50. Waliokuwa na uwezo walikuwa wanahamia kwenye mitaa yenye geti na mlinzi. Butler mwenyewe hakuwa mtu wa kuangalia haya akiwa ghorofani. Baba yake alikuwa mng'arisha viatu, akafa binti akiwa mdogo. Mama yake alifanya kazi za ndani kwa watu, na Octavia akiwa mtoto alikuwa akifuatana naye, wakiingilia mlango wa nyuma. Aliyekulia mlango wa nyuma anaijua nyumba vizuri kuliko mgeni aliyekaribishwa sebuleni.

Riwaya inaanza Julai 2024. Lauren Olamina, yule binti wa shajara, anatimiza miaka 15 kwenye mtaa mdogo uliozungushiwa ukuta, mji wa kubuni uitwao Robledo, maili 20 kutoka Los Angeles. Baba yake ni mchungaji wa Kibaptisti na mwalimu wa chuo. Hakuna bomu lililoanguka. Hakuna gonjwa la ajabu, hakuna roboti zilizoasi, hakuna wageni kutoka sayari nyingine. Serikali ipo, uchaguzi unafanyika, rais mpya anaapishwa. Polisi wapo, ukiwalipa wanakuja kupeleleza. Watu wanabatiza watoto: mwanzoni kabisa mwa kitabu vijana wa mtaa wanasindikizwa kwenda kubatizwa kwenye kanisa lililo nje ya ukuta, wote juu ya baiskeli, na wakubwa wana bunduki. Maisha yanaendelea, yanapungua kidogo kidogo tu, kama sabuni ya kipande kilichoachwa bafuni.

Riwaya nyingi za jamii iliyoharibika (Kiswahili bado hakijakubaliana na jina moja, kila mhakiki ana lake) hukupa siku ya kiama. Kuna kabla na kuna baada, na msomaji anapumua: basi siku hiyo bado haijafika. Butler anakunyima pumzi hiyo. Ukimuuliza Lauren mambo yaliharibika lini, hana tarehe ya kukupa. Wazee wa mtaa wanakumbuka zamani na wanasubiri zamani irudi, na kusubiri kwao ndiko kunakowamaliza.

Sasa niseme jambo ambalo pengine msomaji wa California halioni haraka. Juu ya ukuta wa kina Lauren pamesimikwa vipande vya chupa na waya mkali. Mwaka 1993 msomaji wa kitongoji tulivu cha Marekani alitakiwa kufika hapo ashtuke: Mungu wangu, tumefikia huku? Mimi nilifika hapo nikainua macho nikatazama dirishani. Ukuta wa jirani yangu wa Kimara, hapa Dar es Salaam, una chupa za bia, za kahawia na za kijani, zimepangwa ncha juu. Nilimwona fundi akizipanga. Alikuwa amekaa juu ya ukuta kama amepanda punda, saruji bado mbichi, anapiga chupa kwa nyundo ndani ya kiroba ili zisimrukie usoni, kisha anachagua vipande kama mtu anayechagua nyanya: hiki kimechongoka, hiki butu, tupa. Hakuna aliyemwelekeza. Ilikuwa imo kwenye bei ya ukuta. Asubuhi kunguru wanatua katikati ya vipande hivyo na hawakatwi.

Usiku watu wazima wa mtaa wa Lauren wanashika zamu ya doria, wawili wawili. Sungusungu. Kila mtu hapa anajua ni nini.

Simaanishi kwamba Kimara tunaishi ndani ya riwaya ya kutisha. Watu wanaoa, watoto wanashinda na mpira wa makaratasi, Ijumaa kuna pilau mahali. Ninachosema ni kwamba siku za usoni zina anwani. Kilichoitwa kesho huko Robledo kilikuwa jana kwetu, na kilikuwa juzi kwa babu zake Butler walioishi kusini mwa Marekani. Alichofanya huyu mwanamke ni kuchukua maisha ambayo sehemu kubwa ya binadamu walikuwa tayari wanayaishi, au waliwahi kuyaishi, akayahamishia mtaa ambao uliamini hayawahusu. Hamisho hilo ndilo sayansi yote ya riwaya hii. Mitambo mle ndani ni michache, na mingi imeharibika. Ule ukuta mkubwa wa televisheni uliobaki mtaani unazimika na hauwaki tena.

Ushahidi wa hilo ni ile kauli ambayo watu wanaipenda kuliko zote. Kwenye kitabu cha pili, kilichotoka 1998, yupo mgombea urais anayeitwa Jarret, mhubiri, ambaye wito wake ni kuifanya Marekani kuwa kubwa tena. Watu wanakuonyesha hapo huku macho yamewatoka: aliona 2016, aliona Trump! Lakini wito huo Ronald Reagan aliutumia kwenye kampeni ya 1980, Butler akiwa mtu mzima wa miaka 33 anayesoma magazeti. Hakuuona mbele. Aliukumbuka. Alijua maneno ya namna hiyo hayafi, yanawekwa kabatini.

Maji nayo. Mapema kabisa kitabuni Lauren anaandika kwamba bei ya maji imepanda tena, na kwamba maji sasa yanauzwa ghali mara kadhaa kuliko petroli. Wachuuzi wa maji wanauawa na kuibiwa. Fasheni imebadilika: uchafu ndio mtindo, kwa sababu ukiwa msafi unaonekana unaringa, na anayeringa anajitafutia. Baadaye, barabarani, hatari kubwa iko kwenye vituo vya kuuzia maji, pale mtu anapotoka amejaza chupa zake na watu wa pembeni wamemwona.

Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, kijana aliyekuwa akituletea maji kwa guta alianza kufunga madumu yake kwa mnyororo na kufuli. Nilimtania kwamba anasafirisha dhahabu. Hakucheka. Akasema, "Mzee, zamani walikuwa wanaiba dumu tupu. Siku hizi wanaiba lililojaa." Bei ya asubuhi haikuwa ya jioni, na nilipomuuliza nani anaipanga, aliinua simu yake: kuna mtu mwenye kisima huko juu, anampigia kila akimaliza mzigo. Baada ya magharibi hakuwa akiingia uchochoro wetu tena. Tulikuwa tunatoka sisi na ndoo hadi barabarani, na mwenye kutoka na ndoo tatu alitazamwa. Mgao uliisha, mvua zikanyesha, mnyororo ukaondoka. Ila nilikuwa nimekwisha kuona jinsi dumu la lita 20 linavyoweza kubadilisha macho ya jirani, na siku nyingine nilipokirudia kitabu nilikisoma polepole zaidi.

Mpaka hapa nimezungumza kama vile kitabu chote kimekaa nyuma ya ukuta. La. Julai 2027 ukuta unavunjwa usiku, mtaa unachomwa na watu waliojipaka rangi, walevi wa dawa inayomfanya mtu aone raha anapotazama moto. Baba amekwisha kupotea miezi kadhaa kabla, hakuonekana hai wala maiti. Lauren ana miaka 18. Anabaki na watu wawili tu wa mtaa wao, Harry na Zahra, anavaa kiume, na wanashika barabara kuu ya 101 kwenda kaskazini kwa miguu, katikati ya mto wa watu wanaokwenda kaskazini kwa sababu tu wamesikia huko maji ni nafuu na kazi zipo.

Kuanzia hapo ni riwaya ya safari, na ni ya kusisimua kwelikweli. Nani alale, nani akeshe. Yule mwenye mtoto mgongoni anayetufuata tangu jana, tumkaribishe au tuharakishe? Ukimpa mtu mkate, je, umempa sababu ya kukufuata au ya kukuibia? Butler anaziandika hesabu hizi ndogo kwa sentensi fupi, kavu, na ndizo zinazokufanya ugeuze kurasa hadi saa nane usiku. Njiani wanaongezeka: Travis na Natividad na mtoto wao mchanga, dada wawili waliomtoroka baba yao, daktari mzee Bankole mwenye ardhi huko Humboldt, kaskazini mwa California. Wengi ni weusi, Walatino, mchanganyiko, watu waliokuwa mali ya mtu. Msomaji wa historia ya Marekani atatambua njia: hiyo ndiyo safari ya waliotoroka utumwa, nayo ilikuwa ya kaskazini vilevile.

Halafu kuna ugonjwa wa Lauren, ambao kwangu ndio ubunifu mkubwa kuliko mji, ukuta na maji kwa pamoja. Mama yake alitumia dawa fulani akiwa mjamzito, na binti akazaliwa na kasoro: akimwona mtu anaumia, naye anaumia palepale, mwilini. Fikiria maana yake ndani ya riwaya ya mapambano. Katika hadithi za kawaida shujaa anapiga risasi, adui anaanguka, shujaa anapuliza moshi kwenye mtutu. Hapa shujaa akipiga risasi anaanguka yeye pia. Ndiyo maana akilazimika kupiga anapiga ili aue mara moja, kwa sababu adui aliyejeruhiwa anamjeruhi naye. Huruma yake ndiyo inayomfanya awe muuaji mwenye shabaha. Sijui mwandishi mwingine aliyeipata kamba ya kufunga huruma na ukatili hivi, na Butler hapigii kelele jambo hili hata kidogo. Analiacha likufikie lenyewe.

Deni nalo limeshikwa vizuri. Kabla ukuta haujaanguka, kuna mji wa pwani uitwao Olivar ambao kampuni imeununua wote: ulinzi upo, maji yapo, kazi ipo, mshahara mdogo. Familia ya rafiki yake Lauren inahamia huko na kushangilia. Mtaani wanawaonea wivu. Baadaye njiani tunakutana na Emery na binti yake mdogo, na tunaona mwisho wa mkataba wa namna hiyo: walikuwa wakilipwa kwa noti za kampuni, wakinunua kwenye duka la kampuni, deni likakua, mume akafa, na wanawe wa kiume wakachukuliwa kufidia. Hili nalo halikutoka mbinguni. Karibu na Chicago, miaka ya 1880, George Pullman alijenga mji mzima wa wafanyakazi wake, na biashara ilipoyumba akakata mishahara bila kugusa kodi za nyumba. Matokeo yake ni mgomo wa 1894. Wazee waliokuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge wangemwelewa Emery kabla hajamaliza sentensi, na mama lishe anayekimbizana na mkopo wa kausha damu angemuuliza kwa nini alitia sahihi, kisha anyamaze, maana naye alitia.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Lauren ana dini yake anayoitunga, na msingi wake ni kwamba Mungu ni mabadiliko: huwezi kumzuia, unaweza kumfinyanga kabla hajakufinyanga. Wazo lina uzito. Lakini kila sura inafunguliwa kwa mashairi yake ya dini hiyo, na kusema kweli mengi ni makavu kama mahindi ya gereza. Wenzake njiani wanabishana naye kidogo, kisha wanakubali kirahisi mno, kama wanafunzi wanaotaka kengele ipigwe. Mapenzi yake na Bankole, mwenye miaka 57, yananikaa vibaya, na najua mabinti kadhaa waliokifunga kitabu hapo. Na wale wachomaji waliojipaka rangi! Mwandishi aliyehesabu kila senti ya kila mtu hakuwahesabia hawa chochote. Hawana mama, hawana deni, hawana hata njaa ya kueleweka. Wanatokea kama mashetani, wanachoma, wanatoweka. Katika kitabu kinachosema kwamba maovu yana bei na risiti, hilo ni pengo.

Juu ya yote hayo, Lauren anaamini hatima ya binadamu ni kwenda kuota mizizi kwenye nyota nyingine. Nilikuwa naruka kurasa hizo. Siku hizi siruki, ingawa bado sijashawishika. Mwanzoni mwa kitabu mwanaanga mwanamke anafia Mars, na majirani wanasema pesa zile zingenunua maji. Lauren peke yake ndiye anayemlilia. Mwaka 2021, chombo cha Perseverance kilipotua Mars, NASA walipaita mahali kilipotua kwa jina la Octavia E. Butler. Mwili Altadena, jina Mars. Angekuwepo nadhani angecheka, kisha angeuliza bei ya safari.

Katika Kiswahili tunaye jirani wa karibu wa riwaya hii, na anastahili kusomwa nayo sambamba. Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka 1995, miaka miwili baada ya Butler. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa na watawala wa kwao, anafungiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani akafie huko, naye anatua kwenye nchi iliyonyooka ambayo jina lake, ukilitamka polepole, ni wale ni sisi. Mkangi alikuwa amewekwa kizuizini katika Kenya ya miaka ya 1980, kwa hiyo simlaumu kwa kutamani nchi iliyokwisha kunyooka. Ila tofauti yao inanivutia. Dzombo anafika akiwa mgeni, anaonyeshwa. Lauren anafika Humboldt na kukuta nyumba ya dada yake Bankole ni majivu na mifupa. Hakuna wa kuwapokea. Wanazika, na juu ya maziko wanapanda mbegu za mti wa mwaloni, kisha wanakaa, wanakula pamoja, na kupapa mahali hapo jina.

Turudi kwenye unabii, kwa sababu kitabu chenyewe kina ukurasa unaoukataa. Lauren akiwa na miaka 15 anamshika rafiki yake Joanne na kummwagia yote: ukuta utavunjwa, tutachomwa, tujiandae. Joanne anaogopa, anamwambia mama yake, mtaa unachafuka. Baba mchungaji anamwita binti. Hamwambii kwamba amekosea; anajua hajakosea. Anamwambia kwamba kuwatisha watu hakufai, bora uwafundishe. Na kweli wanaanza kufundisha, tena kwa kisingizio cha tetemeko la ardhi, jambo ambalo kila mtu wa California anakubali kulizungumza bila kukosana. Mikoba ya dharura. Mimea ya mwituni inayolika. Namna ya kushika bunduki. Lauren mwenyewe anafunga mkoba wake: chakula kikavu, maji, chumvi, sabuni, kiberiti, shoka dogo, pesa kidogo, mbegu. Mkoba huo ndio unaomtoa usiku wa moto.

Wanaosambaza ukurasa wa Februari 1 wako upande wa Lauren wa kwanza, yule wa kumtisha Joanne. Wanatetemesha watu kwa tarehe, watu wanaweka alama ya mshangao, kesho wanasambaza jambo jingine. Mtu aliyesema mapema akishageuzwa nabii, sisi wengine tunapata udhuru: tungejuaje, hatukufunuliwa. Ada ya zimamoto haikuhitaji kufunuliwa. Ilibandikwa ukutani.

Mpwa wangu ana miaka 15, umri wa Lauren, na alikuja kukaa nasi likizo ya Desemba. Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Nilimpa kitabu, akakimaliza kwa siku nne, akanirudishia selotepu imeachia kabisa. Nilitegemea maswali ya Mungu na mabadiliko. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Anko, hawa watu kwa nini hawakununua simtank?" Nikamwambia mvua kwao ilikuwa haijanyesha miaka sita hivi, na ilipokuja walitoa kila chombo nje, hata masufuria. Akatikisa kichwa kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

Jioni nikamkuta na daftari. Ameandika orodha ya mkoba wake: kiberiti, chumvi, pedi, chaja, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mama, unga kilo 2, dawa ya pumu. Nikamwambia orodha nzuri, ila Lauren alikuwa na mbegu.

Akanitazama kwa huruma ile watoto wanayowatazama nayo watu wazima.

"Nikazipande wapi, Anko, na sisi kwetu tumepanga?"